Likizo ya Uzazi Si Hisani: Sheria ya Ajira, Mfanyakazi wa Marani na Deni la Msomi wa Kiswahili

Utangulizi

Wahenga walinena kwamba uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Methali hii hutajwa mara kwa mara katika insha za shule na katika hafla za jamii, lakini ni nadra kuulizwa swali linaloifuata: mzazi huyo anapokuwa ameajiriwa, ni nani anayemlipa katika siku za kuuguza uchungu huo na kumlea mwana? Nchini Kenya, jibu lilikwisha kuandikwa. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, iliyoanza kutumika mwezi wa Juni 2008, inampa mfanyakazi wa kike likizo ya uzazi ya miezi mitatu kwa mshahara kamili, na inampa mfanyakazi wa kiume majuma mawili kwa mshahara kamili.

Hata hivyo, baina ya sheria iliyopitishwa Nairobi na mwajiriwa wa Marani kuna masafa ambayo hayapimwi kwa kilomita. Marani ni mji mdogo ulioko kaskazini mwa mji wa Kisii, katika eneobunge la Kitutu Chache Kaskazini. Wenyeji wake wengi huishi kwa majani chai, ndizi, mahindi na biashara ndogo ndogo. Waliobahatika kupata kazi ya mshahara huipata shuleni, hospitalini, katika afisi za serikali, madukani, hotelini na katika nyumba za watu. Wengi wao huzungumza Ekegusii nyumbani na Kiswahili sokoni, ilhali sheria inayowalinda imeandikwa kwa Kiingereza cha mawakili.

Makala haya yanashikilia kwamba sehemu kubwa ya masafa hayo ni ya lugha, na kwamba wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili wana deni la kuyafupisha. Aidha, yanadai kwamba lugha pekee haitoshi. Mzigo wa kumlipa mzazi aliye likizoni hauna budi kuondolewa mabegani mwa mwajiri mmoja mmoja na kubebwa na jamii nzima kupitia mfuko wa umma.

Sheria Inavyosema

Ni vyema kuanza na historia, kwa kuwa asiyejua atokako hajui aendako. Sheria ya Ajira ya mwaka 1976 ilimpa mwanamke likizo ya uzazi ya miezi miwili kwa mshahara kamili, lakini kwa sharti kali: aliyeichukua alipoteza likizo yake ya mwaka huo. Kwa maneno mengine, aliyezaa alitozwa faini ya mapumziko. Sheria ya mwaka 2007 iliufuta utaratibu huo. Kifungu cha 29 kinaongeza muda hadi miezi mitatu na kutamka wazi kwamba hakuna mwanamke atakayepoteza likizo ya mwaka kwa sababu ya kuchukua likizo ya uzazi.

Kifungu hicho kina mambo mengine ambayo kila mwajiriwa angepaswa kuyajua kama anavyolijua jina lake. Kwanza, likizo inapokwisha, mama ana haki ya kurejea katika kazi aliyokuwa akiifanya, au kazi nyingine inayomfaa, kwa masharti yasiyo duni kuliko yale ya awali. Pili, likizo hiyo ikiongezwa kwa idhini ya mwajiri, au ikifuatwa papo hapo na likizo ya ugonjwa, haki ya kurejea kazini haipotei. Tatu, anachotakiwa kufanya mfanyakazi ni kutoa ilani ya maandishi, siku zisizopungua saba kabla ya kuondoka, akitaja siku anayokusudia kuanza likizo na nia yake ya kurejea. Muda mfupi zaidi unakubalika iwapo hali inaruhusu, kwani watoto hawazaliwi kwa kalenda ya afisi. Nne, mwajiri akitaka cheti cha daktari au cha mkunga aliyehitimu, mfanyakazi hana budi kukitoa.

Yale ambayo kifungu hakiyasemi yana uzito pia. Hakitaji muda wa chini ambao mwanamke lazima awe amehudumu kabla ya kustahiki. Hakiulizi cheti cha ndoa, si kwa mama wala kwa baba. Kwa hivyo, mwajiri anayemwambia mfanyakazi kuwa likizo ya uzazi ni ya walioolewa, au ya waliotimiza mwaka mmoja kazini, anatunga sheria yake mwenyewe. Tangu mwaka 2021, marekebisho ya sheria hiyo yameongeza likizo ya mwezi mmoja kwa mshahara kamili kwa mfanyakazi anayekabidhiwa mtoto wa kuasili.

Likizo hiyo imezungukwa na kuta nyingine za ulinzi. Kifungu cha 5 kinakataza ubaguzi kwa misingi ya ujauzito, na kinamtwika mwajiri mzigo wa kuthibitisha kwamba hakubagua. Kifungu cha 46 kinasema kwamba ujauzito, au jambo lolote linalohusiana nao, si sababu halali ya kumfuta mtu kazi. Katiba ya mwaka 2010 nayo, katika kipengele cha 27, inautaja ujauzito miongoni mwa mambo ambayo mtu hawezi kubaguliwa kwayo. Zaidi ya yote, sheria inaeleza kwamba haki hizi ni kiwango cha chini kabisa. Mkataba unaoahidi zaidi ni halali, lakini ule unaoahidi pungufu ni batili, hata kama mfanyakazi aliutia sahihi kwa mkono wake mwenyewe.

Nani Aliye Mfanyakazi?

Hapa ndipo penye utata, na hapa ndipo wanyonge wengi hupotelea. Chukulia mfano wa mwalimu wa kike aliyehitimu chuo kikuu katika Kiswahili na somo jingine. Kabla ya kuajiriwa na Tume ya Huduma ya Walimu (TSC), huenda akafundisha kwa miaka kadhaa chini ya bodi ya usimamizi ya shule. Mwenzake aliyeajiriwa na Tume alifaidi mkataba wa pamoja wa mwaka 2021 hadi 2025, ambao uliongeza likizo ya uzazi kutoka siku 90 hadi siku 120, na ile ya baba kutoka siku 14 hadi siku 21. Wote wawili huingia darasa moja, husahihisha insha zile zile na huwatayarisha watahiniwa wale wale. Lakini mwalimu wa bodi akipata ujauzito, si ajabu aambiwe aende nyumbani, na nafasi yake apewe mwingine.

Kisheria, mwalimu huyo ni mfanyakazi. Bodi ni mwajiri wake. Mkataba wa Tume haumhusu, lakini kifungu cha 29 kinamhusu kikamilifu: miezi mitatu, mshahara kamili, na haki ya kurejea. Wasomaji wengi wa jarida hili wataupitia mlango huo wa bodi kabla ya kufika kwingine. Suala hili basi ni la wao kwanza, kabla ya kuwa la watu wengine wanaopaswa kuhurumiwa.

Mfano wa pili ni kibarua. Waajiri wengi hudhani kwamba anayelipwa kwa siku hana haki yoyote ila ujira wa siku hiyo. Kifungu cha 37 kinapinga dhana hiyo. Kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa siku zinazofikia mwezi mmoja, au anayefanya kazi ambayo haitarajiwi kumalizika kabla ya miezi mitatu, ujira wake hugeuka na kuwa ajira ya kawaida machoni pa sheria. Akifikisha miezi miwili mfululizo, anastahili masharti ambayo angeyapata iwapo hangeanza kama kibarua. Mhudumu wa hoteli ambaye amekuwa akilipwa kila jioni kwa mwaka mzima si kibarua tena, hata kama mwenye hoteli anaendelea kumwita hivyo.

Mfano wa tatu ni mgumu zaidi. Katika vilima vya Kisii na Nyamira, chai hukuzwa na wakulima wadogo wadogo, na mchumaji hulipwa kwa kilo. Leo huchuma kwa huyu, kesho kwa yule. Sheria inaitambua kazi inayolipwa kwa kipimo, lakini kumthibitishia mwajiri mmoja kwamba ndiye anayewajibika kulipa likizo ya miezi mitatu ni safari ndefu kwa mchumaji mwenye waajiri watano. Na mke wa mkulima anayechuma chai ya boma lake mwenyewe hana mwajiri kabisa. Kwake yeye kifungu cha 29 ni mvua inayonyesha ng'ambo ya mto.

Lugha Ikiwa Ukuta

Sheria yenyewe ilitambua tatizo la lugha. Kifungu cha 9 kinataka mkataba wa kazi ya miezi mitatu au zaidi uwe wa maandishi. Kinaongeza kwamba iwapo mfanyakazi hajui kusoma, au haielewi lugha ya mkataba, mwajiri ana wajibu wa kumfafanulia katika lugha anayoielewa. Kifungu cha 15 kinamtaka mwajiri abandike taarifa ya haki za wafanyakazi mahali panapoonekana na wote. Naye mjenga Katiba, katika kipengele cha 7, alikifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha mbili rasmi. Ukiyaweka mambo haya matatu pamoja, ni bayana kuwa taarifa iliyobandikwa Marani kwa Kiingereza pekee ni kama taa iliyowashwa na kufunikwa kwa pishi.

Lakini kufasiri sheria si kubadilisha maneno tu. Kila neno la mfasiri lina uwezo wa kuipa haki uhai au kuiua. Sheria inasema kwamba mfanyakazi wa kike ana haki ya kupata likizo. Mfasiri mzembe akiandika kwamba mfanyakazi anaweza kupewa likizo, amekwisha kuigeuza haki kuwa hisani. Akiandika kwamba anaruhusiwa kwenda likizo, amesahau kutaja mshahara, na msomaji atadhani kuwa ruhusa hiyo ni ya kukaa nyumbani bila malipo. Akiandika kwamba atapewa kazi nyingine arejeapo, bila kueleza kwamba masharti yasiwe duni kuliko ya awali, amemfungulia mwajiri mlango wa kumshusha mama cheo. Hivyo basi, mtaalamu wa isimu na tafsiri anashika kalamu inayoweza kumtoa mtu kazini au kumrudisha.

Neno likizo lenyewe lina funzo. Kitenzi likiza, kama kamusi zinavyokieleza, kina maana ya kumpa mtu nafasi ya kuacha kazi kwa muda, na pia maana ya kumwachisha mtoto ziwa. Maana hizi mbili hukutana katika mwili wa mama aliyeajiriwa. Asipolikizwa na mwajiri, hulazimika kumlikiza mtoto kabla ya wakati. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtoto anyonyeshwe maziwa ya mama pekee kwa miezi sita ya mwanzo. Sheria ya Ajira inatoa miezi mitatu. Pengo hilo lilijaribu kuzibwa na Sheria ya Afya ya mwaka 2017, inayowataka waajiri watenge mahali pa kunyonyeshea kazini na kuwapa wanaonyonyesha vipindi vya mapumziko vya jumla ya muda usiozidi saa moja katika kila saa nane za kazi. Ni wangapi kati ya waajiriwa wa maduka na hoteli za Marani wamewahi kuisikia saa hiyo ikitajwa katika lugha yoyote ile?

Ikumbukwe pia kwamba kutojua kuna gharama yenye tarehe. Aliyefutwa kazi kwa sababu ya ujauzito anaweza kuwasilisha malalamiko kwa afisa wa leba ndani ya miezi mitatu, au kufungua kesi ndani ya miaka mitatu. Mahakama inaweza kuagiza arudishwe kazini au alipwe fidia isiyozidi mshahara wa miezi kumi na miwili. Tangu mwaka 2018, kesi za wafanyakazi ambao mshahara wao hauzidi shilingi 80,000 kwa mwezi zinaweza kusikilizwa na mahakimu walioteuliwa kwa kazi hiyo, bila kulazimika kufika mbele ya jaji. Anayeijua haki yake mtoto akiwa wa miezi miwili bado yuko ndani ya wakati. Anayeijua mtoto akianza darasa la kwanza amechelewa.

Nani Alipe?

Wapo watakaouliza, na swali lao ni la haki: je, mwenye duka dogo mwenye wafanyakazi wawili atawezaje kumlipa mmoja kwa miezi mitatu asiyokuwepo, na wakati huo huo kumlipa anayeshikilia nafasi yake? Bodi ya shule inayotegemea karo zilizochelewa itatoa wapi fedha hizo? Kuwapuuza wanaouliza hivi ni kujidanganya. Nchini Kenya, sheria inamtwika mwajiri gharama yote ya likizo ya uzazi. Matokeo yake yanaonekana bila ya kuhitaji darubini: mwajiri mwenye hesabu kali huepuka kumwajiri msichana aliye katika umri wa kuzaa, au humwajiri kwa mikataba mifupi mifupi ili tumbo likionekana mkataba uwe umekwisha. Sheria iliyokusudiwa kumlinda mwanamke hugeuka kuwa sababu ya kumfungia mlango.

Dawa ya tatizo hili inajulikana, na haikuvumbuliwa jana. Mkataba nambari 183 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 2000, unataka likizo ya uzazi isipungue majuma 14, na kwamba malipo yake yatokane na bima ya jamii au fedha za umma, ili mwajiri asibebe peke yake mzigo huo bila ridhaa yake. Jimbo la California nchini Marekani lilipitisha sheria mwaka 2002 ya kuwalipa wafanyakazi sehemu ya mshahara wanapomlea mtoto mchanga au kumuuguza jamaa, na malipo yakaanza mwaka 2004. Fedha zenyewe hutokana na makato madogo ya mishahara ya wafanyakazi wote. Mpango huo una kasoro ambayo Mkenya angeishangaa: unalipa, lakini ulinzi wa kazi ya anayelipwa hutoka katika sheria nyingine.

Haihitajiki kuvuka bahari ili kupata mfano. Rwanda ilianzisha mfuko wa likizo ya uzazi kwa sheria ya mwaka 2016. Mfanyakazi huchangia asilimia 0.3 ya mshahara na mwajiri asilimia 0.3. Mwajiri hulipa majuma sita ya mwanzo, na mfuko hulipa yanayobaki. Nchini Tanzania, ambako sheria ya mwaka 2004 inatoa siku 84 za likizo, na siku 100 kwa aliyejifungua zaidi ya mtoto mmoja, mfuko wa hifadhi ya jamii una fao la uzazi kwa wanachama wake. Majirani wamekwisha kupika. Kenya bado inatafuta kuni.

Wala haiwezi kusemwa kwamba serikali ya Kenya haijui kukata mishahara. Mfanyakazi hukatwa asilimia 2.75 kwa ajili ya bima ya afya ya jamii tangu Oktoba 2024, na asilimia 1.5 kwa ajili ya nyumba za bei nafuu, huku mwajiri akiongeza asilimia 1.5 nyingine. Ikiwa mwalimu wa bodi anaweza kuchangia nyumba ambayo huenda asiione, sembuse mfuko utakaomlipa yeye au mwanawe ajifunguapo? Mfuko kama huo ungemwezesha hata mchumaji wa chai mwenye waajiri watano, na mke wa mkulima asiye na mwajiri, kujiunga kwa mchango mdogo wa hiari. Kwa hao wawili, hakuna njia nyingine iliyo karibu.

Deni la Msomi wa Kiswahili

Vyama vya wanafunzi wa Kiswahili huandaa makongamano, mashindano ya ushairi na maadhimisho ya Siku ya Kiswahili Duniani kila tarehe 7 Julai. Hayo ni mambo mema. Lakini lugha husifiwa kwa kutumiwa. Siku moja tu ya maadhimisho hayo, ikifanywa katika mji kama Marani, yaweza kuzaa matunda ambayo mihadhara kumi haijazaa. Wanafunzi wa tafsiri wanaweza kuandaa ukurasa mmoja wa Kiswahili sanifu na chepesi unaoeleza kifungu cha 29, ukapitiwa na mhadhiri wa sheria, kisha ukabandikwa katika kliniki ya wajawazito, kwenye kituo cha kununulia majani chai na katika afisi ya naibu wa kaunti. Wanaozungumza Ekegusii miongoni mwao wanaweza kuusoma katika lugha hiyo kwa wazee na kina mama wasiojua kusoma. Wanaweza pia kuandaa kielelezo cha barua ya ilani ya siku saba, yenye nafasi za kujaza tarehe, ili mfanyakazi asishindwe kudai haki yake kwa kukosa maneno ya kuidai.

Idara za Kiswahili nazo zina sehemu yao. Istilahi za sheria ya kazi bado zinayumbayumba: huyu husema likizo ya uzazi, yule likizo ya kujifungua, na ile ya baba haina jina moja linalokubalika. Mtu hawezi kuomba kwa uhakika kitu ambacho jina lake linabishaniwa. Tasnifu chache zinazorudia fasihi zilizokwisha kuchambuliwa mara mia zikielekezwa katika kusanifisha istilahi hizi, hakuna atakayelia.

Hitimisho

Imedhihirika kwamba mfanyakazi wa Marani hakosi sheria. Anakosa sheria hiyo katika lugha anayoielewa, na anakosa mfuko utakaoiwezesha itekelezwe bila kumfanya yeye aonekane hasara kwa anayemwajiri. Upungufu wa pili ni kazi ya Bunge, na wenye sauti hawana budi kuliamsha. Upungufu wa kwanza hauhitaji kura wala bajeti. Unahitaji watu wanaoijua lugha, wanaoweza kusoma kifungu kimoja kwa makini, na walio tayari kupanda matatu hadi Marani wakiwa na karatasi mkononi. Watu hao wako vyuoni, na ndio wanaolisoma jarida hili.